Barua Iko Mezani: Uhakiki wa Riwaya ya The Idiot ya Elif Batuman

Riwaya ninayoihakiki katika toleo hili haikuandikwa kwa Kiswahili, na hakuna mhusika hata mmoja ndani yake anayekizungumza. Una haki ya kuuliza imefikaje katika kijarida cha idara ya Kiswahili. Ililetwa na mwanafunzi wetu wa zamani aliyekwenda Marekani kwa mwaka mmoja kuwa mwalimu msaidizi wa Kiswahili katika chuo kikuu cha binafsi, kama wanavyokwenda vijana wengi wa Afrika Mashariki, hasa kutoka Kenya na Tanzania, kupitia mpango wa Fulbright wa walimu wa lugha. Alinikabidhi kitabu pamoja na agizo: "Mwalimu, soma kurasa za darasa la Kirusi. Zile za mapenzi ziruke." Nilisoma zote. Agizo lake lilikuwa sahihi kwa nusu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kitabu kinaitwa The Idiot. Mtunzi wake ni Elif Batuman, Mmarekani mwenye asili ya Kituruki aliyezaliwa New York mwaka 1977. Jina la kitabu ameliazima kwa makusudi kutoka kwa riwaya maarufu ya Dostoyevsky. Kilichapishwa mwaka 2017, na mwaka uliofuata kilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyofika hatua ya mwisho ya tuzo ya Pulitzer. Batuman alisomea shahada ya kwanza Harvard katika miaka ya 1990, kisha akafanya uzamivu wa fasihi linganishi huko Stanford. Kwa hiyo anayoyaandika hakuyasikia kwa watu.

Mhusika mkuu ni Selin, binti wa miaka 18 kutoka New Jersey, ambaye wazazi wake ni Waturuki. Anaingia mwaka wa kwanza Harvard mwaka 1995. Riwaya inaanza siku anapopewa anwani ya barua pepe kwa mara ya kwanza pamoja na waya wa kuunganishia kompyuta, naye hajui waya huo ni wa kazi gani. Anagawana makazi na wasichana wawili asiowachagua. Wanatafuta picha ya kubandika ukutani, Selin ananunua ya Einstein, na kuanzia hapo kila mgeni anayeingia ana lake la kumlaumu Einstein. Anafanya usaili ili akubaliwe katika semina. Anapata mafua makali na kukaa mbele ya profesa akitafuta pa kupangusia pua. Hayo ndiyo matukio. Msomaji aliyezoea riwaya zetu zenye mgogoro unaofumuka sura ya pili atasubiri sana.

Wengi wetu tunakijua Harvard kwa jina na sifa tu: kilianzishwa mwaka 1636, ni tajiri kuliko vyuo vikuu vyote duniani, na marais kadhaa wa Marekani walipita huko. Tunadhani kwamba kijana anayeingia pale anaingia akijua aendako. Batuman anaonyesha kinyume chake. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanawekwa pamoja katika mabweni yanayozunguka uwanja mmoja wa zamani na kula katika bwalo moja. Wamezungukwa na maktaba, maprofesa na wakati wa kutosha, na bado Selin anatembea humo kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Anachagua masomo kwa kubahatisha. Hajui watu wanapataje marafiki. Ana mwenzake mmoja wa kweli, Svetlana, mwenye asili ya Kiserbia, ambaye ana maoni thabiti juu ya kila jambo, na mazungumzo yao marefu ni sehemu bora ya picha ya maisha ya chuo katika kitabu hiki. Hakuna sherehe kubwa, ulevi si mwingi, na fedheha haipo. Kuna vijana wawili wanaotembea na kubishana kama maisha ya mtu yanaweza kuwa na umbo la hadithi.

Sasa nije kwenye darasa la Kirusi, maana ndilo lililotuhusu.

Selin anaanza Kirusi kutoka sifuri. Wanafunzi wanapewa hadithi ya kusoma sehemu kwa sehemu muhula mzima, iitwayo Nina kule Siberia. Hadithi hiyo imetungwa kwa sharti moja: isitumie kanuni yoyote ya sarufi ambayo wanafunzi hawajafundishwa. Nina anamtafuta mpenzi wake Ivan. Anafika nyumbani kwao, Ivan hayupo, ila ameacha barua. Lakini kwa kuwa wanafunzi bado hawajajifunza uambishaji wa mtu anayepewa kitu, baba yake Ivan hawezi kumpa Nina barua hiyo. Inabidi aseme tu kwamba barua ipo pale mezani. Na kwa kuwa hawajajifunza vitenzi vya mwendo, ambavyo katika Kirusi ni mtihani mkubwa, hakuna anayeweza kutamka waziwazi kwamba Ivan amekwenda Siberia. Selin anaitambua hila hiyo, tena anaifurahia. Wahusika wa hadithi wana huzuni ambayo sarufi yao haijafika, nao wanaishi humo humo ndani ya sarufi finyu, wakiona mambo yanatokea bila mtu kuyatenda.

Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini nikachukua karatasi. Nilitaka kuona Nina wetu angekuwaje. Chukua mwanafunzi wa Kiswahili wa wiki ya nne, kijana wa Mbale au Mbarara ambaye hakukisoma shuleni. Anajua salamu, viambishi vya nafsi, wakati uliopo, ngeli mbili tatu, na vile vishirikishi vya mahali, -po, -ko na -mo, ambavyo vitabu vyetu huvipenda mapema kwa sababu vinaoana vizuri na picha ya chumba chenye meza na kiti. Hajui -li-. Hajui kauli ya kutendea. Kwa hiyo Juma wetu hawezi kumwandikia Nina, anaandika tu. Hawezi kumwachia barua. Hakuondoka, kwa sababu wakati uliopita haujafundishwa. Hadithi nzima inakuwa hivi: Nina yuko mlangoni. Barua iko mezani. Juma hayuko.

Sentensi tatu, zote sahihi, na ningempa mwanafunzi alama zote. Lakini ile ya tatu ilinirudisha mbali, na bila hiyo huenda nisingeandika uhakiki huu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natahini mazungumzo ya mwaka wa kwanza. Mada ilikuwa familia, na shabaha ya zoezi ilikuwa hivyo hivyo vishirikishi vya mahali. Msichana mmoja aliketi mbele yangu. Nikamwuliza, "Mama yuko wapi?" Akajibu vizuri, "Mama yuko nyumbani." Nikamwuliza, "Baba yuko wapi?" Akasema, "Baba hayuko." Nikaona amekwepa swali. Nikarudia kwa sauti ya kumsaidia: "Ndiyo, hayuko nyumbani. Sasa yuko wapi? Yuko kazini? Yuko shambani?" Akanyamaza, kisha akasema tena, "Hayuko, mwalimu." Nikaandika tatu kwa tano, kwa sababu jibu halikukamilika, nikamwita mwingine. Ni mwenzangu aliyenieleza baadaye kwamba baba wa binti huyo alizikwa katikati ya muhula. Alikuwa amenijibu kwa ukamilifu wote ambao mtaala ulimruhusu. Kitenzi cha kufa kilikuwa sura ya 11.

Simlaumu mtu wala mtaala wowote kwa hilo. Aliyeshika kalamu ya alama ni mimi. Ninachosema ni kwamba Batuman ameandika kurasa chache za kuchekesha kuhusu kitabu cha kiada, na ndani yake ameweka jambo ambalo sisi walimu wa lugha hatulisemi katika mikutano yetu ya mitaala: mpangilio wa sarufi tunaoufuata huamua mwanafunzi anaweza kuwa nani kwa wiki kadhaa. Akina Juma wa vitabu vyetu wanakwenda sokoni, wanauliza bei ya nyanya, wanataja saa. Hakuna anayempoteza mtu. Mtunzi wa hadithi ya Nina alikuwa na nyenzo finyu kama zetu, lakini alithubutu kuweka ndani yake mtu aliyeachwa, na darasa zima likataka kujua sehemu inayofuata ina nini. Ni walimu wangapi wa mwaka wa kwanza hapa wanaoweza kusema wanafunzi wao huulizia sura ya tano kabla hawajaifikia?

Tukirudi kwenye riwaya yenyewe, upande wa fani nao una cha kusemwa. Katika darasa hilo la Kirusi yumo mwanafunzi wa hisabati wa mwaka wa mwisho, raia wa Hungaria, ambaye naye kwa bahati jina lake ni Ivan. Wanafunzi darasani wanaitana kwa majina ya Kirusi, na Selin anakuwa Sonya. Siku moja anamwandikia Ivan barua pepe akiiga sauti ya ile barua ya hadithini. Ivan anajibu. Hapo ndipo mapenzi yanapoanzia, kama ni mapenzi. Wanaandikiana barua ndefu za mafumbo usiku, na wakikutana ana kwa ana hawana la kusema. Hapa simfuati mwanafunzi wangu wa zamani: kurasa hizi si za kurukwa. Selin ameweza kumwandikia mtu kwa sababu alijificha nyuma ya jina la kuazima na lugha anayoijua nusu. Angeandika kwa lugha yake ya kila siku, kwa jina lake, asingethubutu. Sisi tunaofundisha tunakijua kisa hiki. Kuna wanafunzi walio kimya katika madarasa yote mengine ambao wakiingia katika igizo la Kiswahili, wakipewa jina la Bi. Mwanaidi au Mzee Kombo, wanakuwa watu wengine kabisa. Batuman anaeleza raha yake, na pia hatari yake, kwa kuwa Selin baadaye hajui kama Ivan anaandikiana naye au na Sonya.

Kuna jambo lingine litakalowafurahisha wanaisimu. Selin anasoma pia isimu, na anaivalia njuga nadharia tete ya Sapir na Whorf, ile isemayo kwamba lugha ya mtu huathiri namna anavyofikiri. Ushahidi wake uko nyumbani kwao. Kituruki, ambacho ni lugha ambishi bainishi kama Kiswahili, kina kiambishi -miş kinachopachikwa kwenye kitenzi pale ambapo msemaji hakulishuhudia jambo mwenyewe. Ukisema geldi, mtu huyo alikuja na wewe ulimwona. Ukisema gelmiş, amekuja, lakini wewe umeambiwa, au umeona viatu vyake mlangoni ukakisia. Kiambishi hicho hicho hubeba pia mshangao wa mtu aliyegundua jambo lililokuwa limekwisha kutokea. Nilipokuwa nasoma nilijikuta nasema kwa sauti: eti amekuja, kumbe amekuja! Sisi tuna maneno mawili yanayosimama nje ya kitenzi, na tuna uhuru wa kuyaacha. Mturuki hana uhuru huo. Kila anaposimulia lililopita, kitenzi kinamdai aseme amelijuaje. Selin amekua akijiuliza kama hilo limemfanya kuwa mtu wa aina fulani. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayetafuta mada ya tasnifu angeweza kuichukua "eti" na "kumbe" kutoka hapa akaifanyia kazi ya maana, kuliko kuandika tena juu ya uhamishaji wa msimbo katika matangazo ya simu. Hilo naomba lichukuliwe kama ushauri wa msimamizi aliyechoka.

Udhaifu wa kitabu ni wa aina mbili, na wa kwanza nitaupitia haraka. Majira ya joto ya mwaka 1996 Selin anakwenda Hungaria kufundisha Kiingereza kijijini, kwa sababu ambayo kila msomaji anaijua na yeye mwenyewe anaikwepa. Sehemu hiyo ni ndefu. Wenyeji wanapita mmoja mmoja, wana ukarimu na vituko, kisha wanasahaulika. Mhakiki mkali angesema mtunzi ameshindwa kuchagua. Ninachokihifadhi humo ni uaminifu wake kuhusu kazi ya ualimu. Kabla ya safari hiyo Selin alijitolea kumfundisha Kiingereza mtu mzima mzungumzaji wa Kihispania, na masomo yale yalikwenda ovyo: sentensi ya kueleza kwamba karatasi ni nyeupe iligeuka mlima. Mwanafunzi wa chuo bora kabisa duniani, mwenye akili isiyo na shaka, hajui kufundisha, na mtunzi hamfichi. Kujua lugha na kuifundisha ni mambo mawili, na nimefurahi kuliona jambo hilo katika riwaya iliyosomwa na watu wengi namna hii.

Udhaifu wa pili ni mkubwa zaidi, nao ni pesa. Katika kurasa zaidi ya 400 sikukuta ukurasa ambao Selin anakosa usingizi kwa ajili ya karo. Tiketi za ndege zinapatikana. Chakula kipo. Paris kunafikika. Kupotea kwake kote, kule kuchagua kozi kwa kubahatisha na kutumia wiki nzima kufikiria barua moja, kunagharimiwa na utulivu ambao kitabu hakiutaji, kama vile samaki asivyotaja maji. Mwaka 2004 mwandishi mwingine, Tom Wolfe, aliyekuwa mzee aliyevuka miaka 70, alichapisha I Am Charlotte Simmons, kuhusu binti maskini wa milimani North Carolina anayepata ufadhili kamili katika chuo kikuu cha kubuni cha matajiri kiitwacho Dupont. Wolfe anaona kila kitu ambacho Batuman hakioni: viatu, magari, nani anasoma kwa pesa za nani. Lakini haisikii sauti ya ndani ya binti huyo. Anamtazama kama mtu anayechungulia dirishani. Nikilazimishwa kuchagua, nachagua Batuman, huku nikilalamika.

Nalalamika kwa sababu ninajua kitabu hiki kitasomwaje hapa. Harvard yenyewe imebadilika kiasi tangu enzi za Selin: kuanzia mwaka 2004 iliacha kuwadai wazazi wenye kipato cha chini ya dola 40,000 kwa mwaka, kiwango hicho kikapandishwa mara kadhaa, na mwaka 2025 kilifikishwa dola 100,000. Kwa hiyo si kila aliye ndani ni mtoto wa tajiri. Wanafunzi wetu wengi, kwa upande wao, wanakula rolex moja kwa siku ili kodi ya hosteli itoshe, na wapo wanaokaa nje ya chumba cha mtihani kwa kukosa kibali kwa sababu ya salio la karo. Wakimsoma Selin wanaweza kusema: huyu ana shida gani? Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu niliyemwazima kitabu alinirudishia baada ya siku mbili na neno hilo hilo. Nilimwomba asome kurasa za Nina peke yake. Alizisoma mbele yangu, akacheka, kisha akaniuliza kwa nini sisi hatuna hadithi kama hiyo. Sikuwa na jibu zuri.

Mwenzangu mmoja katika idara anaona kwamba riwaya ya Kiingereza kuhusu Mturuki anayejifunza Kirusi haina mahali katika rafu zetu, wakati bado hatuna nakala za kutosha za Shaaban Robert na Kezilahabi. Hoja yake ya nakala naikubali kabisa, na ombi la fedha tumeliandika pamoja. Kuhusu rafu, tumekubaliana kutokubaliana. Tangu Kiswahili kifanywe lugha ya pili rasmi ya nchi yetu kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na hasa tangu Baraza la Mawaziri mwezi Julai 2022 kupitisha kifundishwe shuleni kwa lazima, watunzi wa vitabu vya kuanzia wamekuwa wengi, na baadhi yao ni wahitimu wetu. Hao ndio ninaotaka wakisome. Si lazima wakipende.

Kwa wanaotaka kujua Selin aliishia wapi: mwishoni mwa riwaya anaiacha isimu, akiwa amevunjika moyo na kuhisi kwamba mwaka mzima umepita bure. Mwaka 2022 Batuman alitoa muendelezo, Either/Or, unaohusu mwaka wa pili. Bado sijaupata.

Nakala ya The Idiot iko katika kabati la vitabu la idara, rafu ya chini, karibu na kamusi. Atakayeiazima aandike jina na tarehe katika daftari. Kurasa zile tatu nilizojaribu kumwandika Nina wa Kiswahili, kwa sarufi ya wiki ya nne hadi ya saba, nimezikunja na kuziweka ndani ya jalada la nyuma. Nimefika mahali ambapo Nina anatakiwa kuambiwa Juma yuko wapi, na -li- bado haijafundishwa. Mwenye wazo aandike pembeni kwa penseli.